Kentucky Haina Bahari

Baba mkwe alipotuma ujumbe kwamba anatoka Likasi kuja kutusalimia, nilielewa: anakuja kuuliza mbuzi. Katika mahari ya binti yake nilibakiza mbuzi wawili, na huu ni mwaka wa nne nawataja kwa heshima bila kuwaonyesha. Mwenye deni la namna hiyo hapokei mgeni kwa soda.

Nilikuwa na chupa moja ya wiski ya bourbon, zawadi ya rafiki anayevuka mpaka wa Kasumbalesa na malori kila wiki. Nilikuwa pia na kichupa cha Angostura, maji machungu ya kutia ladha kwenye vinywaji, kile ambacho karatasi yake ni kubwa kuliko chupa yenyewe, kama mtoto aliyevaa koti la baba yake. Nikaamua: namtengenezea mzee Old Fashioned. Ni kokteli ya watu wazima na haina mambo mengi: kijiko kidogo cha sukari, matone mawili matatu ya Angostura, mililita 60 za wiski, ganda la chungwa na barafu. Whiskey Sour niliiogopa. Wengi huitia ute wa yai, na mimi sikuona ningeanzaje kumweleza baba mkwe kwa nini namnywesha yai bichi.

Wataalamu wa kwenye simu wote waliimba wimbo mmoja: siri ni barafu. Vipande vidogo huyeyuka mbio, wiski inageuka maji. Tia pande moja, kubwa kama ngumi. Nikachemsha maji mara mbili ili yagande angavu kama kioo, nikayamimina kwenye vikombe viwili vya plastiki, nikaenda kwenye friza.

Hiyo friza si yangu. Ni ya mama watoto, na ndani yake kuna biashara yake ya tomsoni, wale samaki wanaotufikia Lubumbashi wakiwa wagumu kama matofali. Mle ndani mimi ni mpangaji. Nilipewa nafasi kwenye kona, chini kabisa, chini ya katoni.

Alhamisi umeme ukaenda. Ukarudi Ijumaa jioni. Kwa mtu wa hapa hiyo si habari ya kusimulia. Lakini katoni ya tomsoni ikikaa siku mbili bila baridi huanza kulia, machozi yake huteremka, na umeme ukirudi kila chozi huganda pale lilipofikia. Hayo nayajua leo. Jumamosi mimi niliona tu kwamba barafu yangu ina wekundu kidogo kwa ndani, nikasema ni kutu ya mabomba. Tena nikaisifu: rangi ya jua linalozama.

Mzee aliketi kwenye kochi na koti lake zito, maana mwezi wa sita Lubumbashi ina baridi ya kung'ata masikio. Pembeni yake shemeji, aliyesomea Ndola na ambaye hawezi kuona Kiingereza bila kukisoma kwa sauti. Nikaanza darasa. Nikaeleza kwamba bourbon ni wiski ya Marekani, kwamba nafaka yake lazima iwe na mahindi yasiyopungua asilimia 51, kwamba hulazwa kwenye mapipa mapya ya mwaloni yaliyochomwa kwa ndani, na rangi inatoka huko.

"Mahindi?" mzee akauliza, akiwaza pombe kali ya kienyeji. "Basi hii njo lutuku."

"Hapana baba, hii imelala kwa pipa."

"Eyo. Lutuku yenye haina haraka."

Nikaponda sukari pamoja na Angostura, nikatia wiski, nikateremsha lile pande ndani ya glasi. Nikakoroga taratibu, nikabinya ganda la chungwa juu yake, mafuta yakaruka kama umande. Harufu ya chungwa ikafunika kila kitu kwa dakika tatu. Nasisitiza hizo dakika tatu.

Mzee akapiga funda la kwanza, akafumba macho. "Mukwe, iko muzuri."

Moyoni nikafuta mbuzi mmoja.

Kwenye funda la nne akasimamisha glasi mbele ya pua. Akanusa. Akanusa tena. "Mukwe, hii iko na harufu ya bahari."

Mdaiwa hufikiri haraka. "Njo yenyewe, baba! Uskoti kuna kisiwa kinaitwa Islay. Kule wanakausha shayiri kwa moshi wa udongo mweusi wa kinamasi, na wiski yao inanuka moshi, chumvi, hata dawa ya kidonda. Watu wanalipa pesa nyingi kwa hiyo harufu."

Na hapo sikudanganya hata neno moja. Kisiwa kipo, moshi upo, wanaolipa wapo. Shida ni chupa iliyokuwa mezani.

Mzee akatikisa kichwa kuwaheshimu watu wa Islay, akanywa. Shemeji akaivuta chupa, akasoma kwa sauti: "Kentucky."

"Kentucky iko na bahari?"

"Hapana, baba. Iko ndani ya inchi, kama Likasi."

Barafu ilikuwa imebaki ndogo kama kipande cha sabuni ya mwisho wa mwezi. Ubavuni mwake kitu kikajiachia, kikapanda juu polepole kikizunguka, kikashika mwanga wa taa: kiduara chembamba cha rangi ya fedha, chenye mistari kama ya ukucha. Nyuma yake kikaja kingine. Sote watatu tuliinamia glasi, kama watu wanaongojea mtihani usomwe.

Mama watoto akaingia na bukari, ugali wetu, mkononi. Alitazama glasi mara moja tu.

"Hiyo barafu ulitoa wapi? Chini ya katoni yangu?"

Mzee akaweka glasi mezani, akapangusa mdomo kwa kitambaa.

"Mukwe," akasema, "mimi niliomba mbuzi. Wewe unanilipa na samaki. Tena gamba kwa gamba."

Shemeji alitoka nje kucheka, tukamsikia anagonga ukuta. Mimi nilibaki nimesimama na kijiko cha kukorogea. Mzee hakuondoka, tofauti na nilivyoomba. Alitaka glasi ya pili, bila barafu, bila sukari, bila Uskoti. "Mimina ile lutuku yenyewe." Aliinywa hivyo, na nyingine baada yake, mpaka chupa ikaonyesha kitako.

Kabla ya kulala aliokota gamba moja kwa ncha ya ukucha, akalibandika kwenye karatasi ya chupa. Chupa bado iko juu ya kabati, tupu. Gamba limekauka juu ya herufi K.

Mbuzi sasa ni watatu.