Uwepesi uko wapi hapo?
Eti riwaya za vijana ni vitabu vyepesi, mtu mzima hana cha kuokota humo. Hata mimi nilisema hivyo binti yangu aliponipa The Hunger Games ya Suzanne Collins (2008). Hadithi ya watoto kulazimishwa kuuana kwenye runinga? Kikalala chini ya mto wiki mbili. Kilichonigeuza si mapigano, ni ile habari ya nafaka na mafuta: mtoto maskini anaongeza jina lake kwenye bahati nasibu ya kuchagua watakaouana, apewe nafaka na mafuta ili kwao wale. Nilikuwa nakisoma kwenye basi la mwendokasi hapa Dar, nikapitiliza kituo changu cha Magomeni, kushtuka niko Ubungo! (Yale mapenzi ya wahusika wakuu bado yananichosha.) Uwepesi uko wapi hapo? Nyie wazazi wenzangu, mmewahi kuazima kitabu kwa mwanao mkagoma kukirudisha?