Maktaba ni jukumu la kaunti
Mwandishi mmoja anapendekeza maktaba za Nairobi ziachiwe wafadhili. Mimi napinga kabisa. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linataja maktaba miongoni mwa kazi za kaunti. Book Bunk, shirika linalokarabati maktaba za umma Nairobi, wametufaa sana katika maktaba za Kaloleni na Makadara, na nawashukuru kwa dhati. Lakini mfadhili hukarabati paa akaondoka. Mshahara wa mkutubi na bili ya stima havingoji. Maktaba ya McMillan, hapa jijini, ilifunguliwa 1931, Mwafrika akaja kuruhusiwa kuingia 1958! Leo tunaruhusiwa, lakini vitabu havitoshi: watoto wa mtaani kwetu husoma kitabu kimoja wawili wawili, huyu kashika ukurasa wa kushoto, yule wa kulia. Wawakilishi wadi watuonyeshe fungu la vitabu kwenye bajeti ijayo.