Sikuibusu Kompyuta, Niliipuliza

Kabla hamjaendelea kusambaziana ile sauti ya WhatsApp, ile mnayosema nimeibusu kompyuta yangu kwenye kikao cha harusi, niseme: sikuibusu kompyuta. Niliipuliza. Kuna tofauti, na aliyerekodi (anajijua, ana deni langu la elfu kumi na tano) alikaa kule nyuma karibu na masufuria. Aliona nini?

Ile kompyuta yangu ya mapajani, ThinkPad T42, mnaijua. Ya mwaka 2004, nembo bado ya IBM, ina kile kidude chekundu katikati ya kibodi ambacho kila mtoto anayekuja kwangu lazima akibonyeze. Nimeitetea kuliko nilivyowahi kumtetea ndugu yeyote. Tatizo lake moja tu: siku ikitaka inawaka, siku isipotaka haiwaki. Unabonyeza, taa za kijani zinatokea, feni inavuma, vuuu, sekunde mbili, kimya.

Nikajifanya daktari. Nilichomoa betri na chaja, nikashikilia kitufe cha kuwashia sekunde 30 ili umeme uliobaki ndani uishe. RAM, ile kadi ya kumbukumbu, nikaitoa, meno yake nikayasugua kwa ufutio wa mwanangu. Iliponiandikia makosa namba 161 na 163 nikajua ile betri ndogo ya saa ya ndani imekufa, nikaweka mpya. Kila dawa ilifanya kazi siku mbili, nakuja hapa kujisifu, mnanipigia makofi. Ajabu, nyumbani ilikuwa hainisumbui sana. Meza yangu ina mguu mmoja mfupi. Huo mguu msiusahau.

Jumamosi, Sinza, kikao cha nne cha harusi ya binamu yangu. Mimi katibu. Nani kaahidi, nani katoa, nani anakwepa, vyote vimo ndani ya T42 na si kwingine, maana nilishatangaza kwamba simu ni za umbea. Mwenyekiti, baba mdogo, akanisogezea maiki: "Haya katibu, tusomee."

Sasa twende taratibu.

Nikabonyeza. Vuuu. Kimya. Nikatabasamu, kama mtu aliyepanga iwe hivyo. Nikabonyeza tena. Vuuu. Kimya. Shangazi, mweka hazina, akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Jasho likaanza safari kutoka shingoni, nikalisikia likipita uti wa mgongo pingili moja moja. Nikainua kompyuta, nikapuliza matundu ya feni, pfuuu! Ukumbi mzima ukavuma pfuuu, na mimi nikadhani ni kiyoyozi. Nikaiweka mezani, nikainama mpaka pua ikagusa kibodi, nikanong'ona:

"Amka, mpenzi. Amka, mama. Usinidhalilishe mbele za watu."

Maiki ilikuwa wazi. Spika zilikuwa mbili, kila moja kubwa kama kabati la nguo.

Hakuna aliyecheka. Kicheko kilichelewa, kilikuwa kinamsubiri mtu. Mlango wa jikoni ukafunguka, akatokea mke wangu, mwiko wa pilau mkononi. Miaka saba ya ndoa, sijawahi kumwita mpenzi mbele za watu. Akatazama meza kuu, akauliza kwa upole ule ninaouogopa: "Nani huyo anayegoma kuamka?"

Hapo ndipo watu walipoanguka kwenye viti. Baba mdogo alilalia meza kwa kucheka, meza ikainama upande, nikabonyeza kitufe kwa hasira tu, na T42, bila haya, ikawaka.

Jumatatu nikaipeleka Kariakoo, mtaa wa Aggrey. Fundi, kijana mdogo kabisa, akainyanyua hadi sikioni akaitikisa kama mtu anayechagua nazi sokoni. Kacha, kacha, kitu kikalia ndani. "Bro, uliwahi kuifungua?" Niliifungua mwaka jana kusafisha feni. Skrubu moja haikuonekana, nikasema imepotelea kwenye zulia, tena kampuni huwa zinaweka skrubu nyingi bila sababu. Kumbe iko chini ya bodi inatembea. Kompyuta ikiinama, inajibanza pembeni. Ikikaa sawa, inalala penye umeme, shoti, kwisha habari. Dakika nne, elfu kumi, nikaondoka bila kudai risiti.

Kikao cha tano ni Jumamosi hii. Shangazi kaninunulia kaunta buku. Na leo alfajiri alamu ya simu yangu imelia kwa sauti yangu mwenyewe: "Amka, mpenzi. Amka, mama." Mke wangu anasema hajui nani kaiweka.