Tusipande miti tarehe 5 Juni

Kila tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, shule nyingi za Tanzania hupokea wageni. Mashimo yamechimbwa tangu jana yake, miche imeletwa na gari, wanafunzi wamevaa fulana zenye kaulimbiu, mgeni rasmi anapanda mti wa kwanza na picha zinapigwa. Kwa sehemu kubwa ya nchi hii, ni vigumu kupata tarehe mbaya kuliko hiyo ya kutia mche ardhini. Dodoma, Singida na Iringa mvua imeshakatika, na haitarudi hadi Novemba au Desemba. Maeneo mengi ya pwani nayo masika imekwisha au inaishia. Mche unaopandwa siku hiyo unaanza maisha na kiangazi, tena shule zinafungwa mwezi huohuo wa Juni. Aliyepangiwa kuumwagilia amekwenda kwao.

Mwulize mtoto wa mkulima aliye darasa la tano kama ni busara kupanda mti mvua zikiisha. Atakujibu bila kufikiri mara mbili. Tatizo ni kwamba hakuulizwa. Elimu ya mazingira haiwi shirikishi kwa kuwa wanafunzi wameshika jembe. Inakuwa shirikishi pale wanapoamua wenyewe wapande mti gani, mingapi, wapi na lini, na uamuzi huo ukatokana na vitu walivyovipima kwa mikono yao.

Wazo hili si geni. Mkutano wa Tbilisi wa mwaka 1977, ulioandaliwa na UNESCO na UNEP, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya elimu na ya mazingira, ulitaja malengo matano ya elimu ya mazingira: utambuzi, maarifa, mtazamo, stadi na ushiriki. Mitihani yetu hupima zaidi hilo la pili. Mwaka 1992 Roger Hart, mtafiti wa mambo ya watoto, akiiandikia UNICEF, alichora ngazi ya ushiriki wa watoto yenye vidato 8. Vidato 3 vya chini hakuvihesabu kuwa ushiriki hata kidogo, na kimojawapo ni kile cha watoto kutumika kama mapambo: wanavalishwa fulana, wanaimba, na hawajui shughuli ni ya nini. Na kabla ya hao wote, Machi 1967, Mwalimu Nyerere katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea alitaka wanafunzi washiriki kuamua mambo ya shamba la shule. Alitoa hata mfano: wajadiliane kama fedha walizozipata wakodishie trekta, au wazitumie kwa jambo lingine na shamba walilime kwa nguvu zao. Jembe tulilichukua. Mjadala tukauacha.

Sasa tuone kazi yenyewe inavyokwenda, tukianza na maji.

Kabla idadi yoyote ya miti haijatajwa, wanafunzi wajue shule ina maji kiasi gani ya ziada. Kwa siku tano za masomo, kundi moja liandike kila ndoo inayochotwa na inakokwenda: kunywa, kupikia uji, vyoo, kudeki, kunawa. Maji ya kunawia mikono na ya kusuuzia vikombe vya uji yakingwe kwenye beseni na yapimwe pia, maana hayo ndiyo yatakayokwenda kwenye miti. Kisha hesabu ifanywe ubaoni. Mche mchanga wakati wa kiangazi tuukadirie lita 5 mara mbili kwa wiki, yaani lita 10. Miche 200 inataka lita 2,000, sawa na ndoo 100 za lita 20, kila wiki, hadi mvua irudi. Shule yenye ndoo 30 za ziada kwa wiki ina uwezo wa miche 60. Mfadhili akija na miche 500, kamati ya wanafunzi iwe na haki ya kusema tunapokea 60, iliyobaki ipelekwe kwingine, na mwalimu mkuu aisimamie kauli hiyo mbele ya wageni. Ni jambo gumu kwa mwalimu mkuu, najua. Lakini mtoto aliyefanya hesabu hiyo halafu akaona miche 500 inashushwa getini amefundishwa kwamba hesabu yake haina kazi.

Tarehe ya kupanda nayo ipimwe. Kipimamvua hutengenezwa kwa chupa ya maji ya lita 1.5 yenye ubavu ulionyooka. Chupa yenye kiuno itadanganya. Ikatwe pale inapoanza kuwa nyembamba, kipande cha juu kipinduliwe na kupachikwa mdomoni kiwe faneli. Kitako cha chupa hakiko sawasawa, kwa hiyo tia kokoto chini, kisha maji hadi yafike juu ya kokoto, mahali ubavu umeshanyooka. Hapo chora mstari wa sifuri na bandika rula kuanzia hapo kwenda juu. Chupa ifungwe kwenye nguzo mahali peupe, mbali na ukuta au mti kwa umbali usiopungua mara mbili ya urefu wa kitu hicho. Isomwe kila siku saa 3 asubuhi, kisha irudishwe kwenye sifuri. Makosa ni yaleyale kila mahali: imewekwa chini ya mchirizi wa paa, maji ya sifuri yamekauka kwa jua na hakuna aliyeyajaza, au Jumatatu mtu anaandika mvua ya siku tatu kama ya siku moja. Jumatatu iandikwe wazi kuwa ni jumla.

Mvua zikianza, watoto wasikimbilie kupanda kwa manyunyu ya kwanza. Wachimbe kwa jembe waone unyevu umeshuka hadi wapi. Ukifika sentimita 30, hiyo ndiyo siku ya kupanda, iwe Jumanne ya kawaida isiyo na mgeni wala spika.

Aina ya mti ndiyo sehemu yenye ubishi, na ubishi huo ni mzuri. Wengine watataka miashoki kwa kuwa inapendeza njiani. Inapendeza kweli, ila kivuli chake ni chembamba na darasa zima haliwezi kukaa chini yake. Mkaratusi hukua upesi lakini si mti wa kupanda karibu na kisima. Mwarobaini unavumilia ukame na una kivuli, ila mbegu zake hazikai: zikusanywe zikiiva, zitolewe nyama ya nje na zipandwe ndani ya wiki chache, la sivyo zitakufa. Mbegu za mjohoro zina ganda gumu. Zimwagiwe maji ya moto na ziachwe humo hadi asubuhi. Kwa miti ya matunda, sharti moja: mti usipandwe kabla haijaandikwa nani atakula embe. Watoto wakimwagilia mwembe miaka minne halafu matunda yakaishia ofisini, klabu ya mazingira ya shule hiyo imekufa, hata kama ubao wake bado umesimama.

Napendelea shule iwe na kitalu chake, hata cha viriba 80 tu, yaani vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche. Mchanganyiko wa debe 3 za udongo wa juu, 2 za samadi iliyooza vizuri na 1 ya mchanga unatosha kwa miti mingi. Samadi mbichi huunguza miche. Kila baada ya wiki nne hivi viriba viinuliwe na mizizi iliyochungulia chini ikatwe, maana ikishaingia ardhini mche utakatika mizizi siku ya kuhamishwa. Wiki tatu kabla ya kupanda, kivuli kipunguzwe na maji yapunguzwe ili miche izoee jua. Shimo liwe sentimita 45 kila upande na kina chake hivyohivyo. Udongo wa juu uwekwe kando peke yake, urudi wa kwanza shimoni, karibu na mizizi. Nyasi za kutandaza zikae mbali na shina kwa upana wa kiganja, zisiwaite mchwa. Na kiriba kitolewe. Nalisema kwa sababu kwenye upandaji wa haraka, watu 300 na miche 500 ndani ya saa moja, viriba huenda ardhini pamoja na mche.

Baada ya hapo ndipo elimu inaanza hasa. Kila mti upewe namba iliyokwanguliwa kwa msumari kwenye kipande cha kopo, si karatasi. Kundi la wanafunzi 8 lichukue miti minne, na daftari moja lenye ramani. Wahesabu miti iliyo hai miezi mitatu, sita na kumi na miwili baada ya kupanda. Lazima wakubaliane maana ya mti ulio hai, kwa sababu mti uliopukutisha majani wakati wa kiangazi si lazima uwe umekufa: kwangua gome kidogo kwa ukucha, ukiona kijani andika hai. Kijiti kikikatika kama kuni kavu, umekufa.

Mti uliokufa usitupwe. Ung'olewe mbele ya darasa na mizizi ioshwe. Ukikuta mizizi imejizungusha kama kamba iliyoviringwa, mche ulikaa kitaluni kupita kiasi au kiriba hakikutolewa. Mzizi mkuu uliokunjika kwenda juu unaonyesha kuwa shimo lilikuwa fupi na mche ulisukumizwa. Gome likiwa limeliwa usawa wa ardhi na kuachwa udongo wa kichuguu, ni mchwa. Shina lililokatwa kwa mshazari safi ni la aliyefyeka nyasi kwa fyekeo. Ncha zilizonyofolewa ni mbuzi. Mizizi ikiwa mizima na udongo umekauka kama tofali, kosa ni la maji, na hapo ratiba ya kumwagilia ifunguliwe wiki kwa wiki. Dakika 40 za kipindi kimoja zinatosha. Sijui somo jingine la sayansi linalompa mtoto ushahidi, sababu na uamuzi wa kurekebisha kwa gharama ya mti mmoja ambao tayari umekufa. Ndiyo maana idadi ya miti iliyokufa iandikwe na isomwe hadharani bila aibu. Shule inayotangaza tu miti iliyopandwa inawafundisha watoto kuripoti uongo.

Jambo moja huvunja yote haya kwa siku moja: adhabu. Aliyechelewa akamwagilie, aliyepiga kelele akaokote taka. Ukishafanya hivyo, ndoo na ufagio vimekuwa viboko vya aina nyingine, na hakuna semina itakayowafanya watoto wavipende. Zamu pia zitazamwe kwa makini, kwani zikiachwa zijipange zenyewe wasichana hubeba maji na wavulana hushika daftari. Zamu ziandikwe, na kila wiki kazi zibadilishane.

Taka zinafuata utaratibu uleule, kwa ufupi zaidi. Pimeni siku tano mfululizo kwa mizani ya kuning'iniza, kiroba kitupu kikipimwa kwanza na uzito wake kutolewa. Taka zitenganishwe mafungu: mabaki ya chakula na majani, karatasi, plastiki laini, chupa, vyuma. Sindano, nyembe, betri na pedi watoto wasizishike. Hizo ni za mtu mzima mwenye glavu na koleo. Kosa kubwa ni mchanga. Uwanja ukifagiliwa kwa fagio la chelewa, unachopima ni mchanga wenye majani ndani yake, na matokeo yote yanaharibika, kwa hiyo chekecheni kwanza. Mara nyingi plastiki laini itaonekana nyepesi sana kwenye mizani ilhali ndiyo imejaa uwanjani, kwa hiyo ihesabiwe pia vipande. Hapo wanafunzi watagundua wenyewe kwamba vingi ni vifuko vya barafu, ubuyu na karanga vinavyouzwa getini. Katazo la mifuko ya plastiki lililoanza Tanzania bara tarehe 1 Juni 2019 lililenga hasa mifuko ya kubebea, na vifuko hivi bado vinatumika. Wanafunzi waende kwa mama anayeuza, kwa adabu, na pendekezo lenye hesabu: karanga zipimwe kwa kikombe na kumiminwa kwenye karatasi safi au kopo la mtoto mwenyewe, naye aokoe fedha ya vifuko. Akikataa, wamsikilize sababu zake. Biashara ni yake.

Wapo walimu wanaosema watoto hawawezi kuachiwa maamuzi. Wana haki kwa sehemu. Usalama, sheria, ukubwa wa eneo na kiasi cha fedha ni vya watu wazima, na watoto waambiwe hivyo tangu siku ya kwanza, kuliko kuulizwa maoni juu ya jambo lililokwisha kuamuliwa. Ndani ya mipaka hiyo uamuzi wao uwe uamuzi kweli, hata pale mwalimu anapoona kuna mti bora zaidi ya waliouchagua.

Na kuna makabidhiano, ambayo husahaulika karibu kila mahali. Darasa la saba hufanya mtihani Septemba na kuondoka, nalo ndilo linalojua mti namba 23 ulikunywa kiasi gani na bomba lipi huziba. Kwa hiyo Julai, shule zikifunguliwa, kila kundi lichukue wanafunzi wanne wa darasa la tano. Wamwagilie pamoja, wasome kipimamvua pamoja, na hesabu inayofuata iandikwe na hao wadogo, wakubwa wakisimama pembeni. Mwishoni mwa Agosti daftari libadilishe mikono, likiwa na majina mapya kwenye jalada, orodha ya miti iliyo hai, na ukurasa mmoja wa mambo ambayo kundi lililotangulia lilishindwa kuyamaliza.