Hata boneti hupigiwa hodi

Jumanne saa kumi na mbili na robo asubuhi jirani yangu aliwasha gari, likatoa mlio mmoja mfupi ambao sitauelezea hapa, kisha likaendelea kunguruma kama kawaida. Hakuzima. Alishusha kioo akamuuliza mlinzi, "Mzee, kuna nini hapo mbele?" kwa sauti ile ile ambayo angeulizia foleni ya Buguruni. Mzee akainama, akachungulia, akanyanyuka taratibu akishika kiuno.

"Paka, bosi."

"Aa. Paka tu?"

Hiyo "tu" ndiyo iliyoniharibia wiki.

Nilikuwa kibarazani na kikombe cha chai. Mzee alimtoa kwa mti wa fagio, akamtia kwenye mfuko wa saruji, akaenda nao nyuma ya nyumba. Mtoto wa paka mwenyewe hakuzidi kiganja changu. Sikio moja lilikuwa limelowa oili likalala kichwani kama nywele zilizopakwa mafuta. Alikuwa mmoja wa watatu wa yule mama mwenye madoa ya rangi ya chungwa, ambaye muda wote huo alikuwa juu ya ukuta anatazama. Gari likatoka. Geti likafungwa. Mvua ikaendelea.

Nikafanya kosa la kuandika kwenye kundi la WhatsApp la wapangaji. Nilipata "pole dada" mbili, kikaragosi kimoja kinacholia kwa kicheko, na mtu mmoja akaandika kwamba mtaani watu hawana maji halafu mimi nalilia paka. Nikujibu hapa ndugu yangu, kule ulikimbia: kwangu pia maji hayajatoka tangu Jumapili. Moyo wangu si simtanki, kwamba akiingia paka basi ndoo mbili za maji zinamwagika.

Sasa nisikilizeni.

Sisi ni watu wa hodi. Mlango uko wazi, pazia limefungwa fundo, mwenye nyumba unamwona kabisa anachambua mchele na yeye anakuona, na bado unasimama kizingitini unapiga hodi. Tena unarudia. Usipoitikiwa mara tatu unageuka unakwenda zako, hata kama redio inaimba ndani. Mtoto anayeingia nyumba ya watu bila hodi anachapwa na mama yake, kisha anachapwa na mama wa ile nyumba. Hata chooni tunapiga hodi, tunakohoa kidogo, mwenzako naye anakohoa, mmeelewana. Sasa niambieni, watu wenye adabu ya kumkoholea mtu aliye chooni wanashindwa nini kugonga boneti mara mbili kabla ya kupiga stata?

Na msiniambie hatujazoea kugonga magari. Konda wa daladala anagonga bodi tangu alfajiri mpaka usiku: anagonga gari lisimame, anagonga liondoke, anagonga likiwa linarudi nyuma. Watu wanaopaki gari Kariakoo wanagongewa na kila mpita njia aliyekosa pa kupita. Hili taifa linajua kugonga bati. Nyumbani saa kumi na mbili asubuhi ndipo mkono unapata baridi yabisi.

Linaloniuma zaidi ni hili. Gari la jirani ni Toyota IST. Ukiliwasha, mwanamke wa Kijapani anakusalimia kutoka kwenye dashibodi, kumbe si salamu, anakukumbusha hujaweka kadi ya kulipia barabara za kule kwao. Wengi wetu tunaendesha magari yaliyotumika Japani. Tumechukua injini, tumechukua redio isiyoshika stesheni zetu, tumechukua stika ambazo hatujui zimeandikwa nini na hatutaki kuzibandua. Na huko huko yalikotoka, mwaka 2015 Nissan ilianzisha kampeni ya kuwataka madereva wagonge gari kabla ya kuwasha, kwa sababu paka hujificha kwenye injini wakitafuta joto. Waliiita "neko ban ban". Neko ni paka, ban ban ni mlio wa kugonga. Kampuni ya magari, yenye wahandisi wake na makoti yao meupe, ilikaa kikao ikaamua kuwaambia wateja: piga hodi. Sisi tumeshusha magari bandarini, hodi tumeiacha melini.

Mtu atasema Japani kuna theluji, Dar kuna joto, paka wa Tabata anatafuta joto gani. Nilimuuliza hivyo hivyo fundi wangu, akanicheka. Paka anastarehe kwenye nyuzi 30 na kuendelea. Usiku wa masika ukishuka mpaka nyuzi 23, na manyoya yamelowa, hiyo kwake ni Njombe. Mtoto wa paka ndiye hana ujanja kabisa. Macho yenyewe hufumbuka kati ya siku ya 7 na ya 14, na wiki za mwanzo mwili wake haujui kujitengenezea joto la kumtosha, kwa hiyo anaishi kwa joto la kuazima, la mama au la chochote kilicho karibu. Gari lililorudi saa tatu usiku bado lina uvuguvugu saa tano. Halina mbwa, halina watoto wa kurusha mawe, halivuji. Ukiwa mama mwenye watoto watatu mdomoni, mmoja mmoja, utatafuta nyumba gani nzuri kuliko hiyo? Kodi hailipwi miezi sita mbele.

Fundi akanionyesha na njia yenyewe. Alilala chini, akaniambia nami niiname, akamulika kwa simu. Magari haya yakitoka kwao yana kava la plastiki chini ya injini. Matuta yetu yanalikwangua, bolti zinakatika moja baada ya nyingine, linaanza kuburuta na kupiga kelele, mwenye gari anasema "litoe tu, halina kazi." Kwa hiyo chini pako wazi kama dirisha lisilo na nondo. Paka anapanda kwa nyuma ya tairi la mbele, anapitisha kichwa, kiwiliwili kinafuata, anajikunja kwenye upenyo kati ya injini na rejeta, pembeni ya mkanda. Ukipiga stata, mkanda unazunguka papo hapo. Hausubiri mtu ajitetee. "Dada," akaniambia, "mimi nimetoa kuku humu." Kuku! Sikumuuliza zaidi.

Basi kugonga kwenyewe ni hivi. Kiganja, si ngumi, rangi ya gari lako haitadhurika. Gonga juu ya boneti, kisha usawa wa matairi ya mbele, pande zote mbili. Chungulia chini na juu ya tairi. Kisha subiri kidogo, hapo ndipo watu wanapokosea. Wanagonga huku wanawasha, kama mtu anayesema hodi akiwa tayari ameketi kwenye kochi. Paka mkubwa atashuka mwenyewe akiwa amenuna. Lakini wadogo hawashuki. Mtoto wa wiki mbili ukimgongea anajikunja zaidi pale alipo, ndiyo maana masika haya nasema vuta ile klipu ya chini ya dashibodi, fungua boneti, tia macho. Ukisikia kilio hata kimoja, usiwashe, hata kama bosi amepiga simu. Wanaoniambia wao hupiga honi, asanteni, mmemwamsha mtoto wangu, na paka ameganda pale pale kwa woga.

Sekunde ngapi hizo? Jirani yangu huyu namwona kila asubuhi. Anafuta vioo vyote sita kwa kitambaa maalumu. Anapulizia marashi viti. Anapasha injini dakika tano nzima akisoma simu, injini ambayo hata haihitaji kupashwa na jiji lenye jua hili. Ana muda wa kuipenda rimu moja moja. Mtu huyo ndiye aliyeniandikia faraghani kwamba maisha ni mbio, dada.

Na ni mtu wa msikitini, alfajiri haimpiti. Hadithi ya yule mwanamke aliyeingia motoni kwa kumfungia paka, hakumlisha wala hakumwacha akajitafutia, mtoto wa chuoni anaijua. Naishia hapo, mimi si shehe wake.

Kama huruma haikusogezi, pua itakusogeza. Alhamisi alilirudisha gari gereji. Kumbe Mzee hakutoa kila kitu, na ukiwasha kiyoyozi kwenye jua la Dar baada ya siku mbili, naomba msomaji ajaze mwenyewe. Walifungua bampa, wakaosha, wakabadilisha na mkanda. Alipanda bajaji siku nzima. Sikufurahi. Nilifurahi kidogo.

Haya, na mimi nikubali yangu, kwa shingo upande. Paka wa mtaani ni kero. Wanakojolea matairi, wanalala juu ya boneti lililooshwa jana wakiwa na matope ya leo, na likiingia dume shume usiku wanalia utadhani kuna msiba nyumba ya jirani. Kijana wa bodaboda hapa nje ameweka gunia kwenye siti yake kwa sababu ya makucha, namwelewa. Na Mzee aliniambia neno ambalo sikulitaka. Alikuwa anarudi kutoka nyuma ya nyumba, mikono imelowa, nikaanza kumweleza jinsi watu wasivyo na roho. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, wanachofuata hapa ni vichwa vya dagaa vyako."

Kweli. Mwaka mzima nimekuwa nikimwaga vichwa vya dagaa kwenye sahani ya plastiki pembeni ya ukuta, pale pale magari yanapolala, kwa sababu ni karibu na mlango wangu na sitaki kulowa. Mimi ndiye niliyewapangisha. Nimekaa na hilo siku tatu. Sahani sasa iko nyuma, karibu na tanki la maji, mbali na magari, na nimeweka boksi la mafuta ya kula limelazwa upande, juu nimelifunika nailoni, ndani gunia na khanga yangu moja iliyochoka. Yule mama wa madoa alikuja kulikagua. Akaingia, akazunguka, akatoka, akalala juu ya nailoni. Hivyo ndivyo walivyo, sitawatetea.

Mengine kwa kifupi. Maji ya rejeta yenye rangi yakivuja sakafuni mwagieni maji mengi na mchanga. Yakiwa ile kulanti halisi ya kupoza injini, kiasi cha kijiko cha chai kinatosha kuua figo za paka. Wanaosema dawa ni kutega sumu, sumu haichagui, kuna watoto wanaotambaa humu ndani, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ipo. Wanaosema wamezidi, ni kweli wamezidi, mimba ya paka ni siku 63 hivi, hesabuni wenyewe. Changeni tuwahasi majike wawili waliobaki humu, mimi nimeshaweka changu. Mpaka sasa ni changu peke yake.

Siku hizi ndoto yangu ni kuhamia Lamu, mji wa kale, mitaa isiyopitisha gari. Huko paka wanalala katikati ya njia na punda ndiye anayewakwepa.

Tangu Jumatano Mzee ameamua mwenyewe, sikumtuma. Ikifika saa kumi na moja na nusu, kabla hajabadilishana lindo, anapita gari moja baada ya jingine na kiganja chake kile kipana: pa, pa. Anaweka mkono sikioni. Anahamia jingine. Magari saba. Juzi alimtoa mmoja kwenye Noah ya mama wa nyumba ya nne, hai, mweusi wa masizi, akaniletea ndani ya kofia yake. Yuko jikoni kwangu sasa, anakula vizuri, na amenikojolea kapu la vitunguu.

Jana usiku ujumbe ukaingia kwenye kundi, wa yule yule wa "paka tu". Anaomba uongozi umwambie mlinzi aache kugonga magari alfajiri, watu wamelala. Usingizi wa watu nauheshimu, kaka, kwa dhati kabisa. Mzee aache, sawa. Basi ukitoka kwako saa kumi na mbili na robo, la kwako ugonge mwenyewe.