Vyama vya wanakigoma: vinazika vizuri, vinajenga kwa taabu

Akifia Mbagala mtu wa Kasulu, jua halijazama mweka hazina wa chama cha kusaidiana cha wanakigoma waishio Dar ameshatuma hesabu kwenye grupu la WhatsApp: jeneza, gari la kumrudisha kwao, dizeli, posho ya dereva, na namba ya kutumia rambirambi. Kwa reli, Dar es Salaam hadi Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,200. Familia ya mama ntilie haiwezi kuubeba msiba huo peke yake. Hapo chama hakina mpinzani.

Ubishi huanza kinapotoka makaburini na kujitangaza kuwa chombo cha maendeleo ya mkoa.

Wanaokitetea wana historia mkononi. Wakati wa ukoloni Buha, nchi ya Waha huko Kigoma, ilifanywa ghala la vibarua. Vijana walikwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro, nyumbani kukabaki na wazee na mihogo. Reli iliyofika Kigoma mwaka 1914 ikawa njia ya kuondokea. Mkoa ulioachwa nyuma namna hiyo, wanauliza, usubiri bajeti mpaka lini? Lipo pia la uraia. Mtu wa Kigoma haishi kuulizwa kama si Mrundi, na wazee wa chama wanaomjua babu yake na kijiji chake ndio mashahidi anaowakimbilia.

Sawa. Lakini tazama kinachojengwa. Harambee inafanyika ukumbini Dar, mgeni rasmi anaahidi, saruji inanunuliwa, wanakijiji wanasomba mchanga na maji, boma la zahanati linafika kwenye lenta. Hapo linasubiri halmashauri ipaue. Likipauliwa linasubiri mganga na muuguzi, na hao wanaajiriwa na serikali, kamati ya harambee haina uwezo huo. Kama zahanati hiyo haikuwamo kwenye mpango wa halmashauri tangu mwanzo, nyasi zinaota vyumbani. Na aghalabu kijiji kimechaguliwa na mwanakamati ambaye, kwa bahati nzuri, ni kwao.

Mambo yaliyoufungua mkoa kweli ni lami ya Kidahwe hadi Nyakanazi na Daraja la Kikwete juu ya Mto Malagarasi. Ada ya uanachama haifiki huko, hata ilipwe na wote. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 2,470,967 mkoani. Mahitaji yao hayamalizwi kwa bahasha za ukumbini.

Kisha siasa. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 1992 inakataza chama cha siasa kusimama juu ya kabila au eneo. Chama cha kusaidiana hakibanwi na katazo hilo, ndiyo maana mwenye ndoto ya ubunge hukipenda sana. Mwenyekiti aliyeisahau njia ya Kakonko anaonekana ghafla mwaka wa uchaguzi, anagawa jezi. Akina mama wanaochanga kila mwezi, wao utawakuta kwenye sufuria za pilau kuliko meza kuu.

Mimi naegemea kwa wakosoaji, ila siwafuati hadi kukivunja chama. Kina watu wa aina mbili ambao ni nadra kukutana kwingine: anayezijua fomu na anayezijua nyumba za kijijini. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Tuseme kipo kikundi cha akina mama wanaokamua mawese Mwandiga. Kinahitaji katiba, usajili, akaunti ya benki na andiko la mradi lisilorudishwa kwa makosa ya hesabu. Mhasibu mstaafu aliyeko Tabata anaweza kuwanyooshea yote hayo kwa simu, jioni chache tu, gharama yake vocha. Kazi hiyo haina jiwe la msingi wala mgeni rasmi, na nadhani ndiyo sababu mikutano mikuu haiiweki kwenye ajenda.