Tajiri wa kofia nyekundu na makufuli matatu ya duka la mtaani kwetu

Mwaka wa kumi na moja huu nipo Oslo, Norway, na kila nikirudi Unguja lazima mtu aniulize matajiri wa huko wanaishije. Leo nataka niwape habari za mzee mmoja tu, Olav Thon, alofariki Novemba 2024 akiwa na miaka 101, maana huyu kanifanya nifikirie sana mambo ya kwetu.

Thon kazaliwa 1923 Ål, huko milimani bonde la Hallingdal, mtoto wa mkulima. Kijana alianza na biashara ya ngozi za mbweha, akaingia nayo Oslo, baadae akahamia kwenye majengo, ananunua jengo anapangisha, ananunua jingine anapangisha, mpaka akawa na mahoteli mji kwa mji na majengo ya maduka yale makubwa kama Mlimani City ya Dar, ukienda Storo au Sandvika basi umeingia kwake. Na mtu mwenyewe sasa! Picha zake karibu zote ni kofia ya sufu nyekundu na jaketi la kupandia mlima, ungekutana nae njiani ungedhani mzee wa shamba kaja mjini kufuata dawa.

Kwetu mtu akipata kidogo lazima tujue, gari tatu nyuma, na akitoa msaada basi kamera zije kwanza, hundi kubwa kama mlango. Huku bosi wetu kazini anakula mkate wake alokuja nao kutoka nyumbani, slesi na slesi katikati kijikaratasi zisigandane, na sie tunakula nae meza moja. Halafu kuna hili ambalo wengi kwetu hawaliamini nikiwaambia: serikali kila mwaka inatoa orodha ya kodi, unaingia kwenye mtandao unaona fulani kaingiza kiasi gani, ana mali kiasi gani na kalipa kodi ngapi, ila na yeye anaona nani kamchungulia. Mie naona hii peke yake inamshusha mtu mabega.

Lakini kilichonigusa hasa ni cha 2013. Mzee yu hai, yu mzima, ana miaka 90, akaichukua kampuni yake yote, ilokuwa inahesabiwa kama kroner bilioni 25, pesa ya Norway, akaipa kitu wanakiita stiftelse. Haina mwenyewe, hairithiwi, kampuni inaendelea na kazi na faida inakwenda kwenye utafiti, tiba, walimu wazuri wa vyuo vikuu.

Niliposoma nikasema lahaula, si wakfu huu! Kitu babu zetu walikijua zamani, nyumba ngapi Mji Mkongwe ni za wakfu, msikiti unaendeshwa na kodi ya duka, kisima kimechimbwa na mtu keshakufa zamani na watu mpaka leo wanateka. Na kwenye dini wasia mwisho wake thuluthi, lakini ukiwa hai na afya yako mali yako unaweka wakfu utakavyo. Sasa tumefikaje hapa ambapo tajiri wetu hata karatasi moja haandiki?

Mtaani kwetu kulikuwa na duka la vitambaa, la mzee mmoja tajiri kweli na mkono wake haukuwa mzito, marehemu baba kashona hapo barazani miaka ishirini na cherehani yake. Mzee kafa, watoto wa mama watatu, hawajaelewana. Kila upande ukaja na kufuli lake. Nimeyaona kwa macho yangu, makufuli matatu mlango mmoja, moja lishaanza kutu, na ukisogeza uso penye ufa unapata harufu ya panya na kanga zilizooza. Baba alihamisha cherehani akaweka chini ya mwembe, mvua ikija anafunga kazi. Kesi mie nimesafiri ipo, nimerudi ipo.

Najua mtu ataniambia Thon hakuwa na mtoto, yeye ilikuwa rahisi. Kweli, hilo silikatai, na sisemi mtu awanyime wanawe haki yao. Lakini mwenye maduka manne akiweka wakfu moja, wanae watakufa njaa?

Basi mwezi uliopita nikampigia ami yangu, ana vyumba sita vya kupangisha Ng'ambo pale mjini Unguja, nikamwamkia shikamoo, nikamweleza yote haya, nikamwambia ami, chumba kimoja tu, kodi yake iende kwenye madrasa pale. Akanyamaza. Akasema, "Mwanangu, mbona wanizika na ningali mzima?" Nikamwambia ndo wakati wenyewe huu ami, ungali mzima. Akakata simu. Juzi kanipigia mwenyewe, hajasema ndio, kaniuliza tu ile karatasi inaandikwa wapi.